Swichi Nyuma ya Betri

Miaka kumi na moja nimeuza uji na mihogo ya kuchemsha pembeni ya banda la Nuhu, hapa kitongojini kwetu nje kidogo ya Kilimarondo, kwa hiyo maradhi ya pikipiki nayajua kuliko ya wanangu. Najua mlio wa cheni iliyolegea. Najua moshi mweupe na moshi mweusi. Nikisikia pikipiki inakohoa kwa mbali namwambia Nuhu, "Mgonjwa wako huyo anakuja, kabureta," naye hucheka na kusema, "Mama Linus, wewe uza uji." Mara nyingi nilikuwa nimepatia.

Nayaeleza haya kwa sababu watu wanayaeleza vibaya. Gulioni nimesikia kwa masikio yangu kuwa Nuhu fundi alimuua mwanawe. Anayesema hivyo aje aseme mbele yangu nikiwa na mwiko mkononi. Mimi nilikuwepo.

Wazazi wa Nuhu walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji, wakalima hapa, wakazikwa hapa. Ufundi aliupata Nachingwea mjini, kwa mzee mmoja mkali aliyempiga vidole kwa spana kila alipokimbilia kushika waya kabla ya kupima kingine. Akarudi na vidole vilivyopinda na kanuni moja, ambayo kila mwenye pikipiki wa huku ameshaimbiwa: kwanza mafuta, kisha plagi, kisha fyuzi, kisha betri. Waya mwisho. Anayeanza na waya, alisema, anatafuta kuku aliyepotea kwa kubomoa nyumba.

Siku moja alikuja kijana kutoka Ruponda, amesukuma pikipiki tangu alfajiri, shati limelowa chapachapa. Njiani alikuwa amefungua kabureta mwenyewe, nati mbili zimepotea mchangani. Nuhu aliitazama ile pikipiki, akanyoosha kidole, akabonyeza swichi nyekundu ya kuzimia iliyo kwenye usukani, akapiga kiki. Ikawaka. "Chombo chako kizima," akamwambia. "Ulikizima mwenyewe." Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Leo nikiikumbuka siku ile sicheki.

Wanasema mganga hajigangi, lakini Nuhu chombo chake hakikulala kibovu hata siku moja. Kilikuwa skuta ya bluu iliyochujuka, aliyoachiwa na muuguzi mmoja aliyehamishwa, ikiwa imekufa kabisa na panya wamezaa chini ya kiti. Aliifufua kwa miezi mitano. Wanaume walimcheka, wakasema skuta ni ya akina mama. Yeye akajibu, "Ndiyo. Ni ya Mama Zuhra."

Na kweli ilikuwa ya Mama Zuhra, yaani Mwamina, mkewe. Mimba mbili zilimharibikia kabla ya kumpata Zuhra, na baada yake hakupata mwingine. Zuhra alikuwa na pumu. Mwezi wa sita na wa saba, watu wakianza kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho, kifua chake kilifunga, na dawa iko zahanati, mwendo ambao kwa miguu unamaliza asubuhi. Skuta haina gia. Mwamina aliweza kuiendesha akiwa na dera lake, mtoto amesimama mbele katikati ya magoti ya mama. Nuhu alimfundisha kwenye kiwanja cha shule, akikimbia nyuma ameshika kiti, kandambili zikimtoka. Akamfundisha na ile kanuni yake. "Ikikugomea njiani na mtoto unaye," alimwambia, "huwezi kunisubiri mimi." Mwamina alishika. Nimemwona akisafisha plagi kwa msasa upesi kuliko hao vijana wanaojiita mafundi.

Zuhra mwenyewe alikuwa darasa la pili, mdomo kama cherehani. Kila asubuhi alikuja kwangu na kikombe chake cha bati kuomba ukoko wa uji, akinipa habari za nyumba yao ambazo sikuziuliza. Nilimpenda, nisiseme uongo.

Sasa nije kwenye swichi. Mwaka juzi, msimu wa korosho, wezi walichukua pikipiki mbili ndani ya mwezi mmoja. Kila mtu akamkimbilia Nuhu amfungie swichi ya siri. Ni kitu kidogo, kinafichwa mahali, ukikizima plagi haipati moto. Mwizi atapiga kiki mpaka mguu uvimbe. Nuhu alikuwa na sharti lake: mahali ilipo swichi panajulikana na fundi na mwenye chombo, basi. "Hata mkeo usimwambie." Hakusema hivyo kwa dharau. Kulikuwa na bwana mmoja aliyemwambia mkewe, mke akamwambia kaka yake, na kaka akaondoka na pikipiki mpaka leo. Kwa hiyo wanaume waliapa, na sisi wanawake tukanyamaza. Hata ya mwanangu Linus sikujua ilipo, na nimemzaa mimi.

Nuhu akafunga na kwenye skuta yake. Hapo mwenye chombo na fundi walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo siri ile ikawa ya mtu mmoja. Siku za zahanati aliitoa mwenyewe nje, akafuta kiti kwa kitambaa, akainama kidogo kama anayekagua, ndipo akamkabidhi mkewe ufunguo. Jioni aliirudisha ndani, akainama tena. Niliona yale ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi. Mwamina hakuwahi kujua kuna swichi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, siku ya gulio. Asubuhi mtu alitoka Matambarale, kule Ruangwa, kumfuata Nuhu kwa pikipiki, kwamba ya ndugu yake imeungua waya zote. Nuhu akapanda nyuma na mkoba wake wa spana, wakaenda. Skuta ikabaki ndani, imezimwa kama mkono wake ulivyozoea kuizima.

Saa nne hivi upepo uligeuka. Shamba la jirani walikuwa wanapuliza salfa, na vumbi lile la njano likaja moja kwa moja mpaka kwenye banda. Zuhra alikuwa anacheza rede na wenzake. Alikuja kwangu anatembea polepole, kifua kinapiga filimbi, akakaa kwenye kigoda changu na kushika magoti. Nikamwita mama yake.

Mwamina alitoa skuta. Akatia ufunguo, akabonyeza stata. Injini ikazunguka, haikushika. Akapiga kiki, mara tano, mara kumi. Mimi nikasema, "Piga tena, Mama Zuhra. Skuta ya fundi haigomi." Maneno hayo niliyasema mimi, na nitaulizwa.

Hakulia, wala hakupiga kelele. Alifunua tangi, akatikisa, mafuta yapo. Akachukua spana ya mumewe, akachomoa plagi, akaigusisha kwenye injini na kuniambia nipige kiki. Nikapiga. Hakuna cheche. Akatoa plagi mpya kwenye kopo. Hakuna. Akafungua fyuzi, akaiinua juani, nzima. Akafunua betri, akakaza vichwa vyake vyote viwili kwa vidole mpaka damu ikamtoka kwenye ukucha. Katikati ya hayo alikuwa akipiga simu, na simu ya Nuhu haipatikani, akaandika ujumbe, akaendelea. Pikipiki za kukodi zote zilikuwa gulioni. Ya Linus pia. Nilikimbia nyumba tatu kutafuta chombo, nikarudi mikono mitupu.

"Mama, mwambie baba," Zuhra akasema. Ilimchukua pumzi tatu kuyamaliza maneno hayo.

Kama tungeondoka kwa miguu saa ile ile, au tungemwahi mwenye baiskeli mapema, sijui. Nimeshapiga hesabu hiyo mara nyingi. Tulipoteza muda wa kupika wali ukaiva, kwa sababu tuliiamini ile skuta. Mzee Tadeo alipopita na baiskeli yake ya kubebea kuni, tulitupa kuni chini. Mwamina akakaa nyuma na mtoto kifuani, nikawafunga pamoja kwa kanga yangu. Nilikimbia nyuma yao mpaka kwenye mchanga mzito nikaishiwa nguvu.

Zuhra alikata roho kabla ya daraja. Tadeo anasema Mwamina hakumwambia asimame, alimwambia, "Endelea tu, Mzee, usigeuke." Akaendelea mpaka zahanati.

Kule Matambarale shamba alilokuwa akifanya kazi Nuhu liko bondeni, mtandao haufiki. Alasiri, wanarudi, walipopanda kilima simu yake ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe ule alinionyesha baadaye, na mimi kusoma najua.

"Baba Zuhra mtoto kifua kimembana, skuta haiwaki."

"Mafuta yapo."

"Plagi nimeweka mpya. Moto hakuna."

"Fyuzi nzima. Betri nimekaza. Bado."

"Niambie kinachofuata."

Aliniambia alijua tangu ule wa kwanza. Alishuka kwenye pikipiki akakaa chini barabarani, na yule aliyembeba akadhani anaumwa.

Tulimzika Zuhra kesho yake asubuhi. Mkekani watu walisema yale yanayosemwa. Kazi ya Mungu haina makosa. Mashine ni mashine, koili hufa bila taarifa. Wote walikuwa wameshakubaliana kuwa ni koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Nuhu alikaa kimya. Na angeweza kukaa kimya maisha yake yote. Swichi ile kuitoa ni kazi ya dakika moja, unaweka koili mbovu moja kati ya hizo zilizojaa bandani, na Mwamina angeamini mpaka kufa kwake. Kama angeniuliza mimi ningemwambia afanye hivyo hivyo, na kanisani naenda kila Jumapili. Hakuniuliza.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, mimi na Mwamina tulikuwa uani tunasugua masufuria ya watu. Nuhu akaja akasimama mbele yetu, mikono imening'inia.

"Mama Zuhra," akasema, "skuta haikuwa mbovu."

Akasema yote, bila kujitetea. Mwamina aliendelea kushika sufuria, maji yenye majivu yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alipomaliza, Mwamina alisema neno moja tu.

"Nionyeshe."

Skuta ilikuwa pale pale tulipoiacha. Nuhu alifunua kiti, akafunua kifuniko cha betri. Nyuma yake, chini ya kipande cha mpira, kulikuwa na kiswichi cheusi, kidogo kama punje ya kunde. Mwamina aliweka kidole kwenye kichwa cha betri alichokikaza siku ile, akaweka kingine kwenye swichi. Nafasi ilikuwa vidole vitatu. Akabonyeza. Akapiga kiki mara moja.

Ikawaka. Mlio ulikuwa laini, kama Nuhu alivyoitengeneza.

"Kumbe ilikuwa nzima," Mwamina akasema.

Nuhu akanyoosha mkono aizime, mkewe akamwambia, "Iache." Tulisimama watu watatu tukiisikiliza mpaka mafuta yakaisha. Ndipo akalia, na Nuhu akalia, na mimi nikalia, na majirani wakaja wakidhani kuna msiba mwingine.

Hawakuachana, kama walivyotabiri wenye midomo. Kuna siku hawasemeshani, hiyo ni kweli, naona. Nuhu bado anamwita Mama Zuhra.

Tangu mwezi ule Nuhu anapita nyumba kwa nyumba, kote alikofunga swichi, mpaka za Ruangwa. Wanaume wanamfokea. Wanasema amevunja kiapo, wengine wamehamishia vyombo kwa fundi mwingine. Yeye hajibizani nao. Anamwita mama mwenye nyumba atoke nje, hata kama ana unga mikononi, anachukua kidole chake na kukiweka juu ya swichi abonyeze mwenyewe. Kwangu alikuja pia, na ya Linus sasa naijua. Maneno anayosema ni yale yale kwa kila mama, polepole, kama anayejibu ujumbe.

"Mafuta. Plagi. Fyuzi. Betri. Kinachofuata ni hiki hapa."