Kikaratasi Chini ya Yai

Zamani zawadi walizopewa wafalme zilitolewa kabatini kwa kutazama ni ndugu gani anakuja kunywa kahawa. Sasa zimepangwa zote nyuma ya kioo, na kila mwenye tikiti anazipigia miayo. Mtunza kabati wa jumba letu pale Kopenhagen alikuwa mwanamke mfupi, vidole vyeupe kwa chaki ya kusugulia fedha. Kila pambo alilipulizia pumzi, akalifuta kwa aproni, kisha akabandika chini yake kikaratasi chenye jina la ndugu aliyelileta, ili akija alikute mezani. Mapambo mengine Mfalme aliwagawia ndugu wengine, na hapo mtunza kabati alibandua kikaratasi kwa ukucha.

Siku ya kuzaliwa ya Shangazi Ottilia, Mfalme alimkabidhi yai la dhahabu lililonakshiwa. Shangazi akaligeuza. "We mtoto! Mbona huku chini kuna jina langu?" Mfalme akamkazia macho mtunza kabati, nami niliyeshika birika nikajua kazi yake imekwisha. Mtunza kabati akainama taratibu. "Mtukufu, Mfalme alisema tangu mwanzo kwamba hili ni lako." Shangazi akacheka mpaka lulu za shingoni zikagongana. "Mwongo huyu usimfukuze, nakuomba!"

Mara ya mwisho nilimwona mtunza kabati kwenye makumbusho, mzee, amepiga magoti akichungulia chini ya yai lile, ambalo nalo lilikuwa limeishia huko. "Mama, umepoteza nini?" mlinzi akamuuliza. "Sijapoteza. Bado kipo." Akakipulizia kioo pumzi, akakifuta kwa mkono wa koti, akaondoka.