Baba wa Mtoro

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikufundisha hata herufi moja. Mwalimu Mkuu, mzee wa Bagamoyo aliyezoea kuvaa koti jeusi juu ya kanzu, alinikabidhi daftari la majina akasema, "Bwana mdogo, kusoma watajifunza wakiwapo. Kazi yako ni kuwafanya wawepo." Nilikuwa nimetoka Tanga, nilikomaliza shule kubwa ya serikali, na nilidhani mwalimu ni mtu wa chaki. Enzi ya Mdachi, mwalimu wa shule ya tawi alikuwa kwanza mtu wa kuita majina.

Shule za matawi zilikuwa zile ndogo za vijijini, zilizosimamiwa na shule ya boma. Yetu ilikaa chini ya milima ya Uluguru, mwendo wa asubuhi moja kutoka boma la Morogoro: chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi, na magogo ya kukalia. Vijana wengine walitoka bondeni, wengine waliteremka mlimani wakifika miguu imelowa umande. Usiwafikirie kama watoto wa darasa la kwanza wa siku hizi, maana baadhi yao walikuwa wameanza kuota ndevu. Wala hawakuja kwa kupenda. Bwana Shule, ndivyo tulivyomwita Mjerumani mkaguzi wetu, aliagiza kila jumbe, mkubwa wa kijiji, atoe vijana, na majumbe wakatoa.

Kwa hiyo utoro haukukosekana. Mahindi yakikomaa, vijana walibaki mashambani kufukuza nguruwe na nyani. Masika yakishika, mito iliwazuia ng'ambo. Hayo tuliyasamehe, kwa kuwa hata Bwana Shule mwenyewe aliwahi kukwama mtoni na nyumbu wake. Ambao hatukuusamehe ni utoro wa kimya, kijana kupotea bila kuleta habari. Hapo niliuliza wenzake, kisha nikamwita mzazi. Asipomleta mtoto, niliandika cheti cha utoro, yaani karatasi yenye jina la kijana na la baba yake, nikampelekea Akida, mkubwa wa majumbe wa sehemu ile. Akida alituma askari. Baba alikamatwa, akabeba mawe ya barabara pamoja na wafungwa mpaka mwanawe arudi darasani.

"Mtoto hakosi shule," Bwana Shule alikuwa akituambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Baba ndiye anayekosa."

Niliyakubali maneno hayo bila kuyapima. Mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu mtoto humfuata baba. Nilipomwandikisha kijana nilimwuliza jina la baba yake, nikaweka "bin" katikati, nikaona yametosha. Darasa langu likajaa, nikasifiwa mbele ya walimu wa matawi mengine, na sifa ile ikanilevya.

Katika darasa hilo alikuwapo Kobelo bin Mloka, kijana wa mlimani. Alisoma upesi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Bwana Shule alikuwa amekwisha kusema kwamba akija tena atamchagua kwenda Tanga. Basi wiki chache kabla ya ukaguzi, Kobelo akatoweka.

Niliuliza darasani. "Amekwenda kwa mjomba wake, Mwalimu," mmoja akasema. "Mjomba anaumwa."

"Kila mtoro ana mjomba anayeumwa," nikajibu, na darasa zima likacheka. Nilifurahi walivyocheka.

Nikamwita baba. Mloka alikuwa mtu mfupi, mpole, mlimaji wa maharage. Alivua kofia mlangoni, ingawa alikuwa mkubwa wangu kwa miaka mingi. Sikumpa shikamoo. Nilikuwa mtu wa serikali.

"Mwanao yuko wapi?"

"Yuko kwa wajomba zake, Mwalimu. Banzi, kaka wa mama yake, yuko hoi. Hawezi kumwacha mpaka Mungu aamue."

"Nenda ukamlete."

"Siwezi."

"Wewe si baba yake?"

"Ni baba yake. Nimemzaa, namlisha. Lakini mwenye amri naye ni Banzi. Kule mimi ni mkwe tu. Mkwe anapandaje kwa wakweze kuwanyang'anya mtoto wao, mgonjwa akiwa kitandani? Mwalimu, ungenituma kumkamata chui, ningejaribu."

"Kwetu baba anayesema hivyo huvikwa kanga," nikamwambia.

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. Akanieleza taratibu kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwamba mpwa aliyechaguliwa hukaa na mjomba siku za mwisho, amzike, kisha apewe jina lake. Akipewa jina amepewa na mashamba, na usemi katika ukoo. Kobelo ndiye aliyechaguliwa kuwa Banzi.

Ninyi walimu vijana mnaosoma haya, angalieni vizuri: niliambiwa. Sina cha kusingizia. Nilisikia kila neno, nikaona ni hila ya mtu wa mlimani, nikaandika cheti. Mwalimu Mkuu alikisoma akaguna, "Ungengoja kidogo." Nikamjibu kwamba ukaguzi haungoji. Akakiacha kiende.

Askari wakamchukua Mloka. Nilimpita barabarani siku moja nikienda boma kuchukua chaki. Alikuwa na jiwe begani, akanisalimu yeye kwanza. Baadaye nikasikia jiwe limemwangukia mguu na bado anafanyishwa kazi. Ningeweza kwenda kwa Akida na kusema nimekosea. Nilimwogopa Bwana Shule, nikangoja kijana arudi.

Akarudi. Habari za baba yake zilikuwa zimepanda mlimani, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemwambia ateremke akamkomboe. Asubuhi nilipoita, "Kobelo bin Mloka," akaitikia, "Nipo." Mchana wa siku hiyohiyo alikuja mtu mbio kutoka mlimani. Banzi alikuwa amefariki. Mrithi hakuwapo, na maiti haikuweza kungoja apande mlima. Jina likapewa mpwa mwingine.

Bwana Shule alikuja, akamsikiliza Kobelo akisoma, akamchagua. Kijana akaenda Tanga, akawa karani, na sikumwona tena mlimani. Angerudi kufanya nini? Shamba lilikuwa na mwenyewe.

Tangu hapo, kila kijana niliyemwandikisha nilimwuliza na mjomba wake, na asipoonekana nilipanda mwenyewe kuuliza kuna nini. Bwana Shule aliona darasa limepungua akaniambia, "Umekuwa mvivu." Akanihamishia Kisaki, kwenye mbu. Vita vilinikuta huko. Baada ya vita niliwafundishia Waingereza mpaka nywele zikawa nyeupe, na nilipostaafu nikarudi Morogoro.

Mloka nilimtafuta mapema, kabla ya kwenda Kisaki. Safari hii nilianza kwa shikamoo. Alichechemea kuniletea kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu ni wangu," akasema. "Huo nimekusamehe, Mwalimu. Ya mtoto sina amri ya kuyasamehe. Nenda kwa wajomba."

Sikwenda. Kwanza niliona haya, kisha nikahamishwa, kisha nikajiambia kwamba aliyekosewa ni Banzi, na Banzi amekufa, basi yamekwisha. Nimeishi na hesabu hiyo hadi uzee. Mwaka huu nilimsimulia jirani yangu, mama wa Kiluguru anayeuza mboga, naye akaweka chini tenga lake akacheka.

"Banzi amekufa wapi, babu? Jina si lilipewa mtu? Banzi yupo, juma lililopita nimenunua maharage kwake. Ukimwomba radhi yeye, umemwomba yuleyule."

Nikamtuma aniulizie kama naweza kupokewa. Jibu limeshuka jana: nije, ila nisije na maneno matupu, nije na kuku, na nisichelewe, kwa kuwa Banzi naye ni mzee. Kuku nimempata. Magoti yangu ni mabovu, na njia ya kupanda ni mbaya kwa mvua hizi. Kesho nitatoka alfajiri.