Samaki wa Mke wa Pili

Nikisikia harufu ya ngege, samaki wa ziwa letu, waliokaushwa kwa moshi, moyo unanienda mbio kama siku ile kanisani. Mama alikuwa mke wa pili, kwa hivyo mchungaji alikataa kumbatiza mdogo wangu mchanga. Lakini siku ya sadaka ya mavuno, karai la Mama la samaki lilipokelewa kwa vigelegele na kuwekwa mbele pamoja na ya wauza samaki wenzake.

Nyanya, mama wa baba, akasimama katikati ya mahubiri. Nilishika gauni lake kwa furaha na woga.

“Mchungaji, samaki wa mke wa pili hawana dhambi?”

“Mama, keti. Kanisa halisemwi mbele ya watu.”

“Tukilisema nyumbani unatuita wasengenyaji. Leo nalisema hapa, ukisikia. Batiza mtoto ama turudishie samaki.”

Mtu akacheka nyuma. Kisha wanawake wote wauza samaki wakaenda mbele, kila mmoja akashika karai lake, tayari kuliinua.

Mchungaji akafuta jasho. “Mtoto anaitwa nani?”

Nyanya akalitaja jina kwa sauti ambayo hata waliokuwa ziwani waliisikia.