Uso wa Mama Nuwa

Wifi yangu Bi-giok ana wivu, na sisemi hivi kwa kumteta. Mwambie mwenyewe usoni, atakubali, kisha atakuuliza wewe ungekuwa mahali pake ungefanyaje. Aliolewa na kaka yangu Tek-sing baada ya mke wa kwanza kufariki. Huyo wa kwanza aliitwa Chiu-hong. Mke mwenza aliye hai unaweza kugombana naye, mkavutana nywele, majirani wakaja kuwaamua. Chiu-hong alikuwa juu ya madhabahu ya ukoo, ndani ya fremu, anatabasamu, na kidoa chake chini ya mdomo, na kila asubuhi Bi-giok alitakiwa kumwashia vijiti vya udi na kumwita dada.

Kwetu mke wa pili haingii nyumbani hivi hivi. Wazazi wa marehemu humchukua awe binti yao, ajaze nafasi iliyobaki wazi. Kwa hiyo Bi-giok alimwita mama yake Chiu-hong mama, na siku ya pili ya mwaka mpya, mabinti wote wanaporudi makwao, yeye alianza kwa mama huyo, Mama Ngo, akala keki za mchele chini ya picha nyingine ya mwanamke yule yule, ndipo akaenda kwao kwa waliomzaa. Alifanya yote na hakulalamika mbele ya watu. Ila kwa macho yangu niliona kwamba mapera yaliyochubuka ndiyo aliyomwekea marehemu, na mazuri akamwekea marehemu baba yetu, kwenye madhabahu hiyo hiyo.

"Wifi, hilo pera limeoza," nilimwambia siku moja.

"Halijaoza, limeiva. Dada anapenda laini."

"Umejuaje?"

"Muulize kaka yako. Yeye ndiye anayejua kila kitu alichokipenda huyo dada. Mimi nasimuliwa tu."

Sasa huyo kaka yangu. Katika mji wetu mdogo, kusini mwa Taiwan, yeye ndiye aliyewashusha miungu na majitu ya hadithi za kale akawatia kwenye katuni. Alichorea nyuma ya duka la miavuli la mkewe, katikati ya mianzi na harufu ya mafuta ya kupaka karatasi, na watoto wakikodi vitabu vyake kwenye kibanda cha mbele ya shule walivisoma mpaka kurasa zinalegea. Kipaji alikuwa nacho, lakini alikuwa na ulemavu mmoja: hakuweza kubuni uso. Mavazi atabuni, mawingu atabuni, joka lenye vichwa tisa atalichora huku anakunywa chai. Uso lazima auchukue kwa mtu.

Basi alituchukua sisi. Yule mpiga mishale aliyeangusha majua yaliyokuwa yakiichoma dunia alipewa uso wa tarishi wetu wa posta. Yule aliyelikimbiza jua mpaka akafa kwa kiu akawa kijana anayetuletea mitungi ya gesi kwa pikipiki. Liko jitu ambalo lilikatwa kichwa vitani na bado likaendelea kupigana, matiti yakawa macho na kitovu kikawa mdomo. Hapo uso haukuhitajika, ila tumbo, na tumbo alilichukua kwa muuza nyama. Muuza nyama alifurahi mno. Alitembea kifua wazi mpaka majira ya baridi, anawaonyesha watoto.

Mimi, dada yake wa tumbo moja, alinifanya Malkia wa Magharibi. Nilijisikia, nikakinunua kitabu badala ya kukodi. Kukifungua, nina meno ya chui na mkia.

"Ndivyo wazee wa kale walivyomwandika," kaka alijitetea. "Baadaye sana ndipo watu walipomfanya mrembo. Mimi nimerudi kwenye asili."

"Asili ya nani? Mama yetu alikuwa na mkia?"

Sikumpelekea uji wa samaki kwa muda mrefu. Lakini nilinunia kitu nilichokuwa nacho. Bi-giok hakuwa na hata mkia. Kila kitabu kipya kilipotoka alikaa nacho mlangoni, anafungua ukurasa baada ya ukurasa, anatafuta. Mji mzima umo humo, mpaka kinyozi, yeye hayumo. Bibi wa mwezini alipotoka na uso wa muuza tambi wa kona ya pili, tangu siku ile sisi tukawa tunanunua tambi ng'ambo ya reli.

"Mimi sina uso?" alimuuliza mumewe mbele yangu.

"Wewe si nakuona kila siku."

"Na muuza tambi humwoni kila siku?"

Kaka akachovya brashi kwenye wino. Hiyo ndiyo tabia yake, akibanwa anachovya brashi.

Halafu ikaja kazi ya hekalu. Hekalu letu ni la Mama Nuwa, aliyefinyanga watu kwa udongo, na mbingu ilipotoboka akayeyusha mawe ya rangi tano akaiziba. Kwa sababu hiyo mafundi wa miavuli wanamhesabu ni mwenzao. Ukoo wa Bi-giok umetengeneza miavuli tangu enzi za babu, na mwaka ule mungu alikuwa amemchagua Bi-giok mwenyewe kuwa mshika chetezo, yaani ndiye anayesimama mbele ya watu wote sikukuu ikifika. Mzee Tio, mkubwa wa kamati, akaja dukani na kusema wanataka kitabu cha katuni cha maisha ya Mama Nuwa, wapewe watoto bure siku ya sikukuu.

Wifi yangu alipiga hesabu zake na mimi sikumlaumu. Mungu wa miavuli, binti wa miavuli, mshika chetezo wa mwaka. Uso utakuwa wa nani kama si wake? Alikwenda saluni akatengenezwa nywele. Akaanza kukunja miavuli karibu na meza ya kaka, kidevu juu, bega mbele.

"Shingo inakuuma?" kaka akamuuliza.

"Hainiumi."

"Naona umeikaza."

Siku kaka alipomaliza kurasa za mwanzo alitoka kwenda kuoga, akaziacha mezani zikauke. Bi-giok akaniita kwa mkono tuzitazame pamoja. Mama Nuwa alikuwa ameinama mtoni anafinyanga mtu wa kwanza, mkia wake wa nyoka umejikunja nyuma yake, nywele zimemwangukia. Mzuri, sitadanganya. Na chini ya mdomo, upande wa kushoto, alikuwa na kidoa. Ukurasa wa pili, kidoa. Wa tatu, tabasamu lile la kwenye fremu.

Bi-giok alinyanyua macho akaitazama madhabahu, akarudisha macho mezani. Nilidhani atazichana. Alizipanga vizuri, kingo kwa kingo.

"Hata huku," alisema. "Juu nimempisha. Kwao nimempisha. Hata huku kwenye karatasi!"

Kaka alipotoka bafuni alikuta moto.

"Umemchora kwa kusudi!"

"Sikukusudia. Nilianza, mkono ukaenda wenyewe."

"Mkono! Huo mkono mbona haujawahi kupotea njia ukafika kwangu?"

"Bi-giok, mtu ameshakufa."

"Ndiyo maana hazeeki! Mimi nikimpikia mumewe na kumfulia mumewe, yeye anakaa vile vile, na sasa watoto wa mji mzima watampeleka nyumbani kwao wamwabudu!"

Kaka akachovya brashi. Nikatamani nimpige nayo.

Habari hazikukaa. Mama Ngo alisikia, akaja na fimbo yake, akaomba aonyeshwe. Alipoona alikaa chini kwenye kiti cha wateja, akapapasa kile kidoa kwa kidole, akalia bila sauti. Kisha akamshika Bi-giok mkono. "Binti yangu," akamwambia, "umekubali jambo kubwa." Bi-giok alijibu, "Karibu chai, mama." Angesema nini?

Likabaki jambo moja, idhini ya mungu mwenyewe. Kwetu huwezi kumtia mungu kwenye katuni bila kumuuliza, na anaulizwa kwa vipande viwili vya mbao vilivyopinda kama mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine wa mviringo. Unapiga magoti, unauliza, unavirusha sakafuni. Kimoja bapa juu na kingine mviringo juu, amekubali. Vyote bapa juu, anakucheka. Vyote mviringo juu, hataki. Jambo zito linataka akubali mara tatu mfululizo, na mwenye kurusha ni mshika chetezo.

Hekalu lilijaa. Mzee Tio aliweka michoro juu ya meza ya sadaka, Mama Ngo akapewa kiti mbele. Nilipiga magoti karibu na wifi yangu nikiwa nimeshika sinia la matunda, bega kwa bega, ndiyo maana nilisikia. Alitaja jina lake, mtaa na namba ya nyumba, maana mungu lazima ajue anaongea na nani. Halafu akanong'ona, "Mama, kama unataka uso wa Chiu-hong uondolewe, nikubalie."

Nilitaka kumvuta nguo. Watu wote mle ndani walidhani ameuliza kama uso ubaki. Vipande vilikuwa vimesharuka.

Kimoja bapa, kimoja mviringo. Watu wakaguna kwa furaha. Akarusha tena, vilevile. Mara ya tatu kipande kimoja kilizunguka, kikazunguka, kikagonga goti la Mzee Tio, kikatulia bapa juu, mwenzake mviringo. Amekubali.

"Amekubali!" Mzee Tio alipaza sauti, na nje fataki zikalipuka, na mimi nikabaki na sinia langu nimekauka. Mungu amesema huyu atoke, na mji mzima unashangilia kwamba abaki! Mama Ngo alimkumbatia Bi-giok mbele ya kila mtu. Wanawake wa sokoni walimpongeza, eti mke mwenza mwenye moyo kama huo hajazaliwa mwingine. Muuza tambi ndiye aliyepiga makofi zaidi. Wifi yangu alikuwa mweupe kama karatasi ya mwavuli kabla ya kupakwa rangi.

Tulirudi nyumbani mchana ule ule, mimi na sinia langu mkononi. Kaka aliziweka kurasa mezani, akamgeukia mkewe. Sijawahi kumwona kaka yangu hivyo. Hakuchovya brashi. Alimshika Bi-giok mikono yote miwili.

"Ahsante," alisema. "Sikujua una moyo wa namna hii. Nilikudhania vibaya."

Hapo ndipo nilipomhurumia kweli. Kitu alichokililia tangu aolewe kilikuwa kimefika, na kilikuja kupitia mlango wa marehemu yule yule. Mwingine angekinyakua, angenyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza mpaka kaburini. Bi-giok aliitoa mikono yake.

"Niliomba aondolewe," alisema.

"Unasemaje?"

"Niliuliza kama anataka uso ule uondolewe. Kakubali mara tatu. Muulize dada yako, alisikia."

Kaka akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa. Nilingoja afoke, na nadhani hata Bi-giok alingoja, alikuwa amejipanga. Lakini kaka yangu ni mtu wa miungu, miungu ndiyo iliyomlisha. Akavuta ukurasa wa kwanza, akachukua rangi nyeupe, akamtazama Chiu-hong kidogo.

"Mungu akishasema, mimi ni nani," akasema taratibu. "Nitamfuta. Nimweke nani?"

"Mimi."

"Haya."

Akafungua karatasi mpya ya kujaribia. Akachovya brashi, akaisogeza juu ya karatasi, akasita. Akachora mstari wa shavu, akaukata. Akachora mwingine, akaukata na huo. Wino ulidondoka kwenye karatasi. Mtu aliyemchora tarishi wa posta kwa kumwona akipita na baiskeli, mtu aliyemchora marehemu mpaka kidoa bila kutazama fremu! Bi-giok alisimama nyuma ya bega lake, na nikaona anaelewa, kama mimi nilivyoelewa.

Kaka akainua kichwa, uso umemwiva kwa aibu.

"Geuka kidogo kwenye mwanga," alimwambia mkewe. "Nione."

Wifi yangu hakugeuka. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira, maana ngumi alikuwa amekunja. Nikasema moyoni, leo hii meza inapinduliwa. Akanyoosha mkono, akaichukua rangi nyeupe mbele ya mumewe, akaifunga kifuniko mpaka kikalia.

"Muache alipo," alisema. "Kwa mungu nitakwenda mwenyewe kuomba abaki, nitapiga magoti mpaka anisikilize. Na usidhani nimempenda, simpendi."

"Sasa wewe nisikuchore?"

"Usinichore. Weka brashi chini uniangalie."

"Nikuangalie tu?"

"Niangalie, Tek-sing."

Kaka yangu akaiweka brashi. Akageuza kiti, akamtazama mkewe, macho, pua, mdomo, na wifi yangu amesimama pale na machozi yake hajayafuta, kidevu chini, shingo haikukazwa. Alimtazama muda mrefu, mpaka mimi na sinia langu tukaona haya, tukatoka nje.