Reflection ilivyomwaga siri za walimu mbele ya wazazi

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijasimuliwa, imenikuta mie mwenyewe, na aibu yake bado ninayo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nakaa Kipawa, najifundisha Java kwenye kompyuta ya kuazima.

Shule moja ya sekondari kule Gongo la Mboto ikanipa kazi ya kutengeneza program ya ripoti za wanafunzi. Wazazi wangezichukua Jumamosi.

Kwa wasiojua: kila mwanafunzi kwenye program ni object, yaani kama fomu yenye vipengele. Jina, darasa, alama za kila somo. Vilifika thelathini na kitu. Niandike mstari wa kuchapisha kila kimoja? Mie mvivu bwana.

Ndipo nikakutana na reflection. Program inajikagua yenyewe, "nina vipengele gani?", halafu inavigeuza vyote kuwa maandishi. Mistari minane, kazi kwisha. Nikajiona fundi wa mafundi!

Sasa, mwalimu wa taaluma, mama wa Kizaramo aitwaye Bi Mwajuma, alikuwa ameniomba kipengele kimoja cha walimu tu.

"Humu mwanangu tunaandika ya ofisini. Mzazi asiyaone."

"Ondoa shaka mama, nimekiwekea private, yaani kimefichwa."

Wakuu, reflection haina adabu. Private yako inaifungua kama kawa la chungu.

Na mie sikukagua hata karatasi moja.

Jumamosi ukumbini, wa kwanza kusoma alikuwa mzazi mwanajeshi. Akasoma kwa sauti ya gwaride:

"Maoni ya siri. Baba yake mnoko. Akija, semeni mkuu hayupo."

Akamgeukia mkuu wa shule, aliyekaa hatua mbili tu kutoka pale.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo, afande!" Mkuu kasimama wima utadhani kuruta.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kila mzazi akaanza kutafuta lake. Kuna mzee kaandikiwa "anakujaga kusinzia". Na kweli, walimwamsha ndipo wakamsomea.

Mie nikawa natafuta mlango.

Mlangoni mama mmoja muuza vitumbua akanishika mkono. Mama Rehema. Kusoma kulikuwa kunampa taabu, akaomba nimsomee ya binti yake.

Nikaona mstari wa mwisho. Ningeweza kuuruka. Sijui kwa nini sikuuruka.

"Anakuja bila kula. Apewe uji ofisini. Mama yake asiambiwe, ataona aibu."

Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu.

"Mie natoka alfajiri kwenda kukaanga," akasema taratibu. "Vitumbua vyake nabakizaga jioni, namwachia mjomba wake tunayekaa naye ampe."

Akaikunja ile karatasi.

"Kumbe anavila yeye."

Akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwajuma. Nilidhani ni ugomvi. Walishikana mikono, wakalia wote wawili.

Mkuu alitaka kunifukuza, Bi Mwajuma akamwomba anipe nafasi nirekebishe. Jumatatu nilipofika na program mpya, mjomba mtu alishahamishwa kwa Mama Rehema na begi lake, na Rehema alikuwa kibarazani anakula kitumbua huku anasoma.

Funzo: private siyo kufuli. Kinachotoka kwenda kwa watu, kitaje mwenyewe kimoja kimoja, hata kama vidole vinauma.

Haya, wenzangu mliowahi kuumbuliwa na program mlizoandika wenyewe, mwageni hapa chini tuchekane.