Chupa za Rangi ya Zafarani

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijakaa pahali mwaka mzima. Nimekata mkonge, nimeshusha mbao kutoka Amani, nimeangua nazi Mwera. Kazi ikianza kuzoeleka, nyayo zinaniwasha.

Hii ya baharini niliipata kwa kuuliza maswali. Dada mmoja wa chuo kikuu alikuwa akiburuta nyuma ya boti wavu wa kitambaa laini kuliko chandarua, nikamuuliza anavua nini.

"Majani," akasema.

Bahari, aliniambia, imejaa vijimea visivyoonekana kwa macho, na samaki wote wanaishi kwa hivyo. Sikuamini. Akaniinamisha kwenye hadubini, nikaona kama vipande vya kioo vyenye rangi ndani, vingine vimeungana mithili ya shanga. Nikabaki.

Tulichota maji sehemu zile zile, kina kile kile. Kila chupa tuliitia matone ya iodini vijimea visioze, maji yakawa na rangi ya manjano iliyokolea. Chupa zilikaa gizani, kwenye stoo ya nyumba aliyopanga mtaa wa Mabawa, zikisubiri kupelekwa chuoni. Zilikuwa za msimu wote wa kaskazi. Bila hizo hakuwa na utafiti.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia safari ya Pemba.

Mfungo ulikuwa unakaribia, kila nyumba inafanya usafi. Siku moja tukarudi kutoka baharini tukakuta stoo imefagiwa, imedekiwa, tupu.

"Shikamoo bibi," dada alimwamkia mwenye nyumba. "Zile chupa ziko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yale makombe yenu? Nimeona zafarani imeshatulia chini, nikasema hawa wamesahau kunywa. Na kombe halimwagwi uani watu wakalikanyaga. Nimekwenda kuyamwaga baharini, kwa bismillahi."

Chupa zenyewe zilikuwa zimeanikwa uani, zimeoshwa zikang'aa. Kweli, rangi ile ilikuwa ya kombe hasa, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, ya kumnywesha mgonjwa. Hata mimi ningedhani hivyo.

"Yote, bibi?"

"Yote. Kwani mnaumwa nini nyie, makombe mengi vile?"

Nilicheka. Dada hakucheka. Alikaa kizingitini, ndoo ya chupa mpya ikiwa bado mkononi.

"Yalikuwa maji ya bahari, bibi. Ya masomo yangu."

"Basi yamerudi kwao," bibi akasema taratibu, kisha akakaa naye pale pale chini. "Nisamehe mwanangu. Mimi niliona ni maneno ya Mungu."

"Najua, bibi."

Kaskazi hairudi mpaka mwakani. Dada aliongea sana na msimamizi wake kwenye simu, akarudi macho mekundu: wamemwongezea muda, basi. Akanitazama.

"Sitaki kuanza kumfundisha mtu mwingine. Mwakani utakuwepo?"

"Huyu?" bibi akadakia. "Huyu hata chai haijapoa kikombeni, keshaondoka!"

Nikasema nitakuwepo.

Tangu siku ile silali vizuri. Kukipambazuka nimeshatoka, nauzunguka mji mitaa yote, nasoma vibao vya mabasi, nauliza yanakwenda wapi na nauli ikoje. Halafu nageuza, nakwenda kuchota maji.