Yuro za Chuma za Rukaiya

Wifi yangu Rukaiya anapaka hina wageni pwani ya Kiwengwa, na kwa ubishi hana mfano. Wateja wake ni Wataliani, na Wataliani wale humlipa kwa sarafu. Maduka ya kubadilisha fedha mjini hayapokei yuro za chuma, yanataka noti tu. Basi desturi ya pwani ni kumngoja mgeni anayefunga mizigo kurudi kwao, ukamwomba achukue chuma akupe karatasi.

Rukaiya alikuwa na kopo la maziwa limejaa sarafu, akiba ya kununulia mabati. Makuti ya nyumba yake yalikuwa yamechoka. Mwanzoni mwa mwaka ule wa korona, mama mmoja wa Kitaliani alikubali kuzichukua zote. Rukaiya akakataa.

"Wanasema yuro itapanda, wifi. Nnangoja kidogo."

"Si uchukue noti, kisha ungoje nazo ipande?"

"Noti huliwa na mende. Ikichanika kidogo tu, mjini hawaitaki. Chuma hakiozi."

Ukimjibu, mtakesha.

Maradhi yakawashukia Wataliani hao hao. Hoteli zikafungwa, ndege zikakoma. Tukaenda mjini, Shangani, kwenye duka la kubadilisha fedha la kijana wetu Haroub. Ubaoni yuro ilikuwa imepanda kweli. Iliniuma zaidi kuona kwamba alisema kweli.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba, mwanangu. Nichukulie hizi, hata kwa bei ya chini."

Haroub alilitazama kopo, akatikisa kichwa. "Ntazipeleka wapi, Bi? Bei naletewa kwa simu kila asubuhi. Wageni wa kuzichukua ndio hawaji."

Wageni walipoanza kurudi, wengi walikuwa Warusi. Wakipakwa hina wanacheka, wanalipa dola mojamoja, zinaishia kwenye unga na mafuta. Sarafu za Ulaya hawakuwa na kazi nazo.

Masika yaliyofuata yalinikuta kwake. Mvua ilipenya juu ya kitanda, na masufuria yote yalikuwa yameshategwa penginepo. Rukaiya alikwenda kabatini, akazimwaga yuro zake mkekani, akalitega lile kopo chini ya tone.

"Haya, sema," aliniambia, bila kunitazama.

Nilishika upande wa pili wa kitanda, tukakisogeza.